Florence Nightingale: muuguzi aliyeugua mwenyewe



Juma hili, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu waliotutangulia, tunawaletea mwanamke ambaye wengi wetu tulilisikia jina lake tangu shule ya msingi. Ni Florence Nightingale, anayeitwa mama wa uuguzi wa kisasa. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, na katika ushirika wetu ni wengi, jina hili si geni. Siku aliyozaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Picha tuliyobaki nayo ni ya mwanamke anayepita usiku kati ya vitanda vya askari majeruhi, taa mkononi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inahusu muda usiotimia miaka miwili. Aliishi miaka mingine zaidi ya hamsini baada ya hapo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe haukuonekana kwa macho, na madaktari wa wakati wake hawakuweza kuupa jina.

Tumemchagua kwa sababu tunao watu wa namna hiyo kati yetu. Jumapili wanavaa vizuri, wanaimba kwaya, wakisalimiwa wanajibu hawajambo. Jumatatu hawawezi kuinuka kitandani. Kuna mwenye selimundu, mwenye lupasi, mwenye kisukari, mwenye mgongo unaomnyima usingizi, mwenye sonona, na mwenye uchovu ambao vipimo bado havijausema. Hawana bandeji wala mkongojo. Kwa hiyo wanaulizwa mbona wanaonekana wazima. Huku kazini wanasubiriwa kwa shifti, na nyumbani Afrika wanasubiriwa kwa ada za shule.

Mwito na miaka ya kungoja

Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa safarini, na ndiyo maana akapewa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, Parthenope, alizaliwa mwaka mmoja kabla, naye aliitwa kwa jina la kale la mji wa Naples. Familia ilikuwa na mali. Walikuwa na nyumba mbili kubwa Uingereza, Lea Hurst huko Derbyshire na Embley huko Hampshire. Baba yao aliwafundisha mwenyewe Kigiriki, Kilatini, historia na hesabu, jambo ambalo wasichana wengi wa siku zile hawakulipata.

Mwezi Februari mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliandika kwamba Mungu amesema naye na kumwita katika utumishi wake. Utumishi gani, hakuambiwa. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba ni kuhudumia wagonjwa, na alipotambua, nyumbani kukawa na vita. Wakati ule kazi ya kuuguza hospitalini ilihesabiwa kuwa ya wanawake walevi wasio na heshima. Mama yake na dada yake walilia na kugomba. Alikuja mchumba mwema, mtu mwenye cheo, naye Florence alimpenda, lakini baada ya miaka ya kusita akamkatalia kwa kuona kwamba ndoa ile ingeufunga mwito wake.

Mwaka 1851 ndipo aliporuhusiwa kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, mahali ambapo mchungaji wa Kilutheri, Theodor Fliedner, alikuwa ameanzisha nyumba ya mashemasi wa kike waliohudumia wagonjwa na maskini. Alijifunza pale miezi mitatu. Mwaka 1853 akapata kazi yake ya kwanza, kusimamia hospitali ndogo ya wanawake London. Tangu kuitwa hadi kuanza kazi ilikuwa imepita miaka 16. Wanaongoja vibali na majibu ya barua katika nchi hii wanajua uzito wa kungoja namna hiyo.

Scutari

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani pamoja na Uturuki dhidi ya Urusi. Vita hiyo iliitwa Vita ya Krimea. Magazeti yalipoeleza jinsi askari wa Uingereza walivyokuwa wakifa bila matunzo, Sidney Herbert, waziri aliyehusika na mambo ya vita na rafiki wa Florence, alimwomba apeleke wauguzi. Aliondoka mwezi Oktoba na wanawake 38. Mapema Novemba walifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, kwenye kambi kubwa ya jeshi iliyogeuzwa hospitali.

Walikuta wagonjwa wamelala sakafuni, chawa na panya kila mahali, mashuka hayatoshi, sabuni hakuna. Chini ya jengo kulikuwa na mifereji ya maji machafu iliyoziba. Majira yale ya baridi walikufa pale askari wapatao 4,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Florence alinunua vifaa, akasimamisha jiko na dobi, akaandikia familia za marehemu barua. Usiku alipita wodini na fanusi ya Kituruki, ile ile fanusi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua kwa jina hilo hilo. Mwezi Machi 1855 tume ya afya kutoka London ilifika, ikazibua mifereji na kufungua madirisha ya kupitisha hewa, na vifo vikapungua sana.

Hakuwa peke yake katika vita ile. Mary Seacole, mwanamke mweusi kutoka Jamaika, alipokataliwa kujiunga na wauguzi wa serikali alijilipia nauli mwenyewe, akafungua nyumba karibu na Balaclava na kuhudumia askari. Sanamu yake leo imesimama kwenye uwanja wa hospitali ya St Thomas', London. Tunawaomba wazazi wawaambie watoto habari zake pia.

Homa isiyoisha

Mwezi Mei 1855 Florence alivuka Bahari Nyeusi kwenda kukagua hospitali za Krimea. Huko akashikwa na homa kali, ikamfikisha mlangoni pa kifo. Aliponea chupuchupu, akarudi kazini kabla nguvu hazijarudi. Vita ilipokwisha, mwaka 1856, alirudi Uingereza kwa siri akitumia jina la Miss Smith, maana hakutaka kupokewa kwa ngoma na matarumbeta.

Mwezi Agosti 1857 akaanguka. Tangu hapo afya yake haikurudi kama zamani. Homa ilikuja na kuondoka. Moyo ulienda mbio, usingizi ulikimbia, akiona chakula alisikia kichefuchefu, na mwili ulikosa nguvu za kusimama. Baada ya miaka michache maumivu ya mgongo yakazidi mno, hata akawa wa kubebwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Yeye na madaktari waliamini kwamba hana muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka 37. Aliishi hadi miaka 90.

Kwa kuwa hakukuonekana kidonda wala uvimbe, palizuka maneno. Hata baada ya kufa kwake, baadhi ya walioandika habari zake walisema ulikuwa ugonjwa wa mawazo, au hila ya kuwakwepa ndugu na wageni. Mwaka 1995 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala iliyolinganisha dalili zake zote na ugonjwa wa brusela uliokaa mwilini kwa muda mrefu. Hatuwezi kumpima marehemu, lakini maelezo hayo yanakubaliwa na wengi. Brusela huletwa na bakteria, na mara nyingi mtu huipata kwa maziwa mabichi ya mbuzi au ng'ombe wagonjwa. Bakteria hao waligunduliwa huko Malta mwaka 1887 na daktari wa jeshi, David Bruce. Florence alipougua, hapakuwa na kipimo wala dawa. Wafugaji wa kwetu wanaujua ugonjwa huu vizuri. Wanajua jinsi unavyomwacha mtu akionekana mzima huku viungo vinamuuma na jioni homa inapanda.

Kazi kutoka kitandani

Florence hakupona kwa maombi wala kwa dawa. Lakini kazi zake kubwa kuliko zote alizifanya baada ya kuugua, tena nyingi akiwa amelala.

Kwanza alitaka kujua kwa nini askari wake walikufa. Pamoja na mtakwimu William Farr alipanga hesabu za vifo vya jeshi mwezi kwa mwezi, na hesabu zikaonyesha kwamba uchafu uliua kuliko adui. Lilikuwa jambo chungu kwake, kwa sababu wengi walifia katika hospitali aliyokuwemo yeye mwenyewe. Hakulificha. Alichora michoro ya mviringo iliyogawanywa vipande kama chapati, kila kipande mwezi mmoja, rangi ya buluu ikiwa ni vifo vya magonjwa yanayozuilika na nyekundu vifo vya majeraha. Waziri asiye na muda wa kusoma tarakimu aliweza kuelewa kwa kutazama tu. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha watakwimu cha Uingereza.

Ripoti yake juu ya afya ya jeshi ilizidi kurasa 800. Kitabu chake kidogo cha uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, kilinunuliwa na watu wa kawaida waliokuwa wakiuguza ndugu zao nyumbani. Wananchi walikuwa wamechanga fedha kwa heshima yake, pauni zipatazo 45,000, na askari walitoa mshahara wa siku. Kwa fedha hizo ilifunguliwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860. Nguvu za kuiongoza hakuwa nazo. Aliwaachia wengine waiongoze, naye akawa anasoma taarifa za wanafunzi na kuandika barua. Alisaidia kupeleka wauguzi waliofunzwa kwa maskini wa Liverpool. Kwa miaka mingi aliandika juu ya maji safi na afya ya vijiji vya India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Aliwezaje? Alipima nguvu zake kama mtu anavyopima unga wa mwisho wa mwezi. Wageni aliwapokea mmoja mmoja, kwa miadi, hata wakiwa mawaziri. Wengine walikaa chini wakamwandikia kijikaratasi, naye akajibu kwa kijikaratasi kutoka juu. Siku mbaya alilala. Siku yenye ahueni aliandika. Barua zake zilizohifadhiwa ni maelfu kwa maelfu.

Mtu, si malaika

Tungemkosea haki tukimfanya mtakatifu wa kwenye picha. Maumivu yalimfanya mkali. Sidney Herbert, aliyekuwa bega lake serikalini, naye aliugua, na Florence alimsukuma aendelee na kazi. Herbert alikufa mwezi Agosti 1861, na Florence alimlilia miaka mingi. Shangazi yake Mai, aliyeacha nyumba yake ili kumtunza, aliporudi kwa mume na watoto wake, Florence alihesabu kuwa ameachwa, na undugu wao ukapoa kwa muda mrefu. Imani yake pia ilikuwa na maswali. Alisoma sana, akabishana na mafundisho ya kanisa lake, lakini hakuacha kuamini kwamba Mungu alimwita.

Tunayasema haya kwa ajili ya wanaouguza. Mgonjwa anaweza kusema neno kali ambalo ni la maumivu. Na kwa ajili ya wagonjwa tunasema hivi: anayekutunza naye ana mwili, naye huchoka.

Furaha ilikuwa wapi

Furaha yake haikungoja kupona. Alipenda paka, na alikuwa nao wengi kwa miaka. Alipenda maua, ndege na dirisha lenye mwanga. Katika kitabu chake anasimulia kwamba alipokuwa taabani kwa homa kule Krimea, mtu alimletea shada la maua ya porini, na tangu saa ile akaanza kupata nafuu kwa haraka zaidi. Aliamini kwamba mgonjwa anayetazama ukuta ule ule mwezi baada ya mwezi anahitaji kitu kizuri cha kutazama kama anavyohitaji chakula.

Katika kitabu hicho hicho aliwaonya wanaotembelea wagonjwa. Kumwambia mgonjwa wa muda mrefu kwamba atapona kesho, bila kujua chochote, aliona ni kumwongezea mzigo. Kumpa kila mtu dawa yake na ushauri wake, aliona ni kumchosha. Minong'ono nje ya mlango wa mgonjwa aliiita ukatili. Alitaka mgeni alete habari njema za mambo yanayoendelea, akae mahali mgonjwa anapomwona bila kugeuza shingo, na aondoke kabla hajamchosha.

Kuanzia mwaka 1872 aliwaandikia wanafunzi wa shule yake barua, mara nyingi moja kwa mwaka, kama mama anavyowaandikia mabinti zake. Wengi walimtembelea kwa chai, na aliyeonekana amechoka alipewa chakula cha kwenda nacho. Mama yake alipozeeka na kupofuka, Florence alikwenda kukaa naye. Miaka ya 1880 maumivu ya mgongo yakalegea, na moyo nao ukalainika. Dada yake Parthenope, waliyekuwa wamegombana naye ujanani juu ya mwito, aliugua baridi yabisi ya kulemaza. Florence alikwenda nyumbani kwake kumtunza hadi alipofariki mwaka 1890. Wagonjwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wakapatana.

Mwishoni macho yake yalififia, kumbukumbu ikapungua. Mwaka 1907 alipewa nishani kubwa ya taifa iitwayo Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata, akiwa hana nguvu tena za kuifurahia. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi, lakini familia ikakataa kwa kufuata mapenzi yake. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la kijiji, East Wellow, Hampshire. Upande ulioandikwa kwa ajili yake una herufi mbili za jina lake na miaka yake tu.

Kwetu sisi

Mtume Paulo anaeleza katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, jinsi alivyoomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, na haukuondolewa. Alipewa neema ya kuishi nao. Hakuna aliyemwambia Paulo kwamba imani yake ni haba. Basi ndugu anayesema ameomba na bado anaumwa, tusimpe somo la imani. Tumwamini. Tumuulize leo ikoje, tusikilize jibu. Tukimpelekea chakula, tukiweke mlangoni kama hana nguvu za kupokea wageni. Akikosa kwaya wiki tatu, nafasi yake ibaki. Na kama anaweza kazi ya kulala, kama kupigia wazee simu au kuandika kadi za waliofiwa, apewe, maana mtu mgonjwa hajaacha kuwa na mwito.

Kwa upande wa kazi, ni vema kujua kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawagusa pia wenye magonjwa yasiyoonekana, kama ugonjwa unaathiri sana maisha ya kila siku na umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Mfanyakazi wa namna hiyo ana haki ya kuomba marekebisho yanayofaa, mathalani kubadilishiwa saa za shifti. Na anayeona Kiingereza cha daktari ni kigumu anaweza kuomba mkalimani pale kliniki bila kulipa. Mtoto asifanywe mkalimani wa maumivu ya mama yake.

Familia zinapokaa mezani jioni ya leo, tunawaomba mwombe kwa majina, mkianza na yule anayeonekana mzima kuliko wote.

Ee Mungu uonaye sirini, uwape nguvu za leo wale wanaoumwa bila kuonekana. Uwape kazi inayolingana na mwili wao na furaha isiyongoja kupona. Utupe sisi masikio ya kuwasikia na miguu ya kuwafikia. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.